Kuchagua Mbegu ya Muhogo na Kuyazuia Maradhi Yake: Mafunzo kwa Wakulima wa Fumba

Karatasi hii yatoa mashauri juu ya muhogo: namna ya kuchagua mbegu njema, namna ya kuyajua maradhi mawili makubwa yanayouharibu, na namna ya kuyazuia. Twaomba isomwe polepole, na ajuaye kusoma amsomee asiyejua. Tena yafaa isomwe shambani mbele ya muhogo wenyewe, kwa maana mengi yanayosemwa humu ni ya kutazamwa kwa macho.

1. Muhogo ni ghala ya mkulima

Ardhi yetu ya Fumba yajulikana. Mahali pengi ni maweni, na udongo hupatikana katika vishimo baina ya mawe. Penginepo ni mchanga usioshika maji. Mazao mengi hayapendi ardhi ya namna hii, lakini muhogo huivumilia. Kwa sababu hii wazee walishikamana nao.

Muhogo una tabia nyingine iliyo njema. Haulazimu kung'olewa wote siku moja. Mpunga ukiiva usipovunwa huliwa na ndege, bali muhogo hukaa ardhini ukingoja siku ya haja. Mvua zikikosekana, au bahari ikichafuka hata ngalawa zisiweze kutoka, mwenye shamba la muhogo hwenda akang'oa shina moja, na watoto wake wakala. Mwezi wa Ramadhani ukifika, muhogo hutafutwa sana kwa futari, naye mkulima hupata fedha. Basi muhogo ni chakula, ni ghala, tena ni mfuko wa fedha.

Siku hizi ardhi ya kulima katika rasi yetu inapungua kwa sababu ya majumba yanayojengwa. Zamani mtu ambaye shamba lake halikuzaa aliweza kufyeka mahali pengine. Leo mwenye kipande kidogo hana budi kukitumia vema. Mashina 100 yenye afya yaweza kumfaa kuliko mashina 300 yenye maradhi, kwa maana palizi ya mashina 300 ni kazi ya mara tatu, na mavuno yake huenda yakatupwa.

2. Mbegu ya muhogo si punje

Mahindi, kunde na pamba hupandwa kwa punje au kokwa. Muhogo hupandwa kwa pingili, yaani vipande vya mti wake. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo asili ya shida yetu. Pingili si mtoto wa muhogo wa mwaka jana: ni muhogo uleule wa mwaka jana, uliokatwa vipande ukapandwa tena. Kama mti ule ulikuwa mgonjwa, ugonjwa wake waingia katika shamba jipya pamoja nao, hata kama pingili yaonekana nene na nzuri.

Fanyeni hesabu hii. Shina moja lenye ugonjwa lakatwa pingili 8. Mwaka wa pili mna mashina 8 ya ugonjwa. Yakikatwa hayo pingili 8 kila moja, mwaka wa tatu mna mashina 64. Katika hesabu hii hatujawatia wadudu. Mkono wa mkulima peke yake ndio ulioeneza ugonjwa.

Tazameni jinsi wafanyavyo wenzetu walimao pamba huko Usukuma, upande wa Mwanza. Mkulima wa huko hatwai mbegu popote atakapo. Wataalamu wa kituo cha Ukiriguru walichagua kwa miaka mingi mipamba yenye majani ya manyoya, kwa kuwa chawa-jani, mdudu mdogo afyonzaye majani, hawezi kukaa vema juu ya jani lenye manyoya. Tena walichagua ile isiyodhurika upesi na ugonjwa wa kuungua majani. Mbegu zilizochaguliwa huzalishwa, kisha hugawiwa kwa wakulima. Na baada ya kuchuma pamba, mkulima huamriwa ang'oe miti yote na kuichoma moto, ili wadudu na maradhi yasipate mahali pa kungoja msimu ujao.

Pamba si zao letu hapa Fumba, wala muhogo hauna kiwanda cha kutunza mbegu zake. Walakini kanuni mbili za pamba zatufaa sisi pia: kwanza, jua mbegu yako imetoka wapi, pili, usiache mabaki ya zao la zamani yakailea maradhi. Kwa muhogo, mwenye kuilinda mbegu ni mkulima mwenyewe.

3. Ugonjwa wa kwanza: batobato

Batobato hujulikana kwa majani. Jani huwa na mabaka ya kijani kibichi na mabaka ya manjano au meupe yaliyochanganyika. Jani hupinda, hujikunja na kuwa dogo. Mti ulioshikwa sana hudumaa, na chini hupatikana mihogo myembamba, au hapana kitu.

Ugonjwa huu waletwa na virusi, yaani vimelea vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Huchukuliwa na inzi weupe, wadudu wadogo wakaao chini ya majani machanga. Ukilitikisa jani huruka kama vumbi jeupe. Inzi hufyonza mti mgonjwa, kisha huenda kuufyonza mti mzima na kuutia ugonjwa.

Mkulima aweza kujua ugonjwa umeingia kwa njia gani. Kama majani ya kwanza kabisa ya mche yalitoka na mabaka, ugonjwa ulikuwamo katika pingili. Kama majani ya chini ni safi na ya juu peke yake yana mabaka, basi ugonjwa umeletwa na inzi baada ya kupanda. Mkiona wagonjwa wengi wa namna ya kwanza, kosa li katika mbegu. Mkiona wengi wa namna ya pili, tazameni mashamba ya jirani.

4. Ugonjwa wa pili: michirizi ya kahawia

Ugonjwa huu ni mbaya kuliko ule kwa sababu hujificha. Nao waletwa na virusi, lakini vya jamii nyingine. Huchukuliwa na inzi wale wale weupe, ila hawaupeleki mbali; kwenda mbali huchukuliwa na watu katika mbegu.

Alama zake ni hizi:

(a) Majani. Manjano huonekana kandokando ya mishipa ya jani, au mabaka ya manjano yasiyo na mpaka ulio wazi. Jani halipindi wala halijikunji. Alama hizi huwa katika majani ya chini yaliyokomaa, na majani machanga ya juu huwa safi. Kwa hiyo apitaye njiani akatazama vilele husema, "Shamba hili ni zima," naye hakuona kitu.

(b) Shina. Sehemu ya shina iliyo bado kijani huwa na michirizi au madoa ya rangi ya kahawia. Ugonjwa ukizidi, ncha za matawi hukauka.

(c) Muhogo wenyewe. Ukiupasua, ndani mna madoa ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Mara nyingine muhogo huwa na mabano kwa nje, kana kwamba umefungwa kamba.

Alama za majani na za muhogo haziendi pamoja sikuzote. Huenda majani yakawa na manjano kidogo tu, na chini umeharibika wote. Au majani yameanguka wakati wa kiangazi, alama zikapotea pamoja nayo. Tena kadiri muhogo unavyokaa ardhini ndivyo uozo unavyozidi. Hapa ndipo lilipo pigo kubwa: ugonjwa huu waivunja ile ghala tuliyoisema. Mkulima aliyeweka muhogo wake hata Ramadhani huung'oa akakuta madoa ndani. Mnunuzi aliyedanganyika mara moja hatarudi kwake.

Basi shikeni neno hili fupi: batobato, tazama majani ya juu, michirizi, tazama majani ya chini, kisha pasua muhogo.

Maradhi haya hayamwambukizi mtu wala mnyama. Muhogo wenye madoa machache waweza kukatwa sehemu mbovu, na iliyobaki ikapikwa kama kawaida. Lakini mti wake haufai kuwa mbegu.

5. Maradhi haya si mageni

Batobato ilielezwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Warburg mwaka 1894, kwa habari za Usambara. Michirizi ya kahawia ilielezwa na Mwingereza Storey mwaka 1936, katika kituo cha Amani, katika milima hiyohiyo ya Usambara inayoelekea pwani ya Tanga. Storey na wenzake waliuchanganya muhogo na mti wa mpira ulio ndugu yake, wakitafuta kizazi chenye nguvu ya kustahimili maradhi. Katika vizazi vya kazi yao umo muhogo uitwao Namikonga kusini ya Tanzania Bara, ambao pwani ya Kenya huitwa Kaleso.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa pwani na nchi za chini tu. Lakini mwaka 2004 ulionekana Uganda, katika nchi iliyo juu ya mita 1,000, kisha ukaenea katika nchi za Maziwa Makuu. Hili ni onyo kwetu. Tusidhani kuwa shamba lililo safi leo litakuwa safi sikuzote.

6. Aina za muhogo

Mwaka 2007 wataalamu wa Kizimbani, hapa Unguja, walitoa aina nne zilizochaguliwa kwa kuvumilia michirizi ya kahawia. Majina yake ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Mkulima anayetaka mbegu mpya yafaa aulize habari za aina hizi kwa bwana shamba au bibi shamba wake, au Kizimbani kwenyewe.

Ila lazima kulifahamu neno "kuvumilia". Kuvumilia si kutougua. Aina inayovumilia yaweza kuingiwa na ugonjwa, nayo ikaendelea kuzaa vizuri kuliko nyingine. Mtu akiichukua akaipanda katikati ya mihogo migonjwa, akakata mbegu bila kuchagua mwaka baada ya mwaka, maradhi yatakusanyika, naye atasema, "Mbegu ya serikali imechoka." Mbegu haikuchoka, haikulindwa.

Wala hatusemi mtupe mbegu zote za wazee. Kila mkulima anajua muhogo wake ulio mtamu, uivao upesi motoni, na upendwao sokoni. Sifa hizi ni haki kutazamwa, kwa maana muhogo usiolika hauna faida hata ukiwa hauugui. Shauri letu ni hili: pandeni aina mpya katika sehemu ya shamba, aina ya zamani iliyochaguliwa katika sehemu nyingine, kisha pimeni mavuno na ladha kwa muda wa misimu miwili. Jambo mliloliona katika udongo wenu wenyewe litawaongoza kuliko maneno ya watu.

7. Namna ya kuchagua mbegu

Desturi ya wengi ni kung'oa muhogo kwanza, kuitupa miti kando ya shamba, na baada ya siku nyingi kukata pingili katika rundo lile. Desturi hii haifai. Katika rundo hakuna jani wala muhogo wa kutazama. Mgonjwa na mzima wote ni mamoja. Mbegu huchaguliwa ingali imesimama. Fanyeni hivi:

Kwanza. Muhogo ukiwa na miezi mitatu, piteni shambani asubuhi, jua likiwa halijawa kali. Tazameni kila shina, juu na chini. Lililo safi na lenye nguvu lifungeni kamba ya usumba au kitambaa.

Pili. Rudini tena muhogo ukiwa na miezi sita, majani ya chini yakiwa bado yapo. Katika yale mliyoyafunga, lililoonyesha manjano au michirizi lifungueni kamba yake. Msilionee huruma kwa kuwa ni kubwa.

Tatu. Siku ya kuvuna, ng'oeni mashina yenye kamba, na pasueni mihogo yake, si mmoja tu bali kadhaa, tena katika sehemu mbalimbali za muhogo. Likionekana doa la kahawia, hata dogo, mti ule msiukate mbegu.

Nne. Katika miti iliyofaulu, acheni ncha ya juu iliyo laini na sehemu ya chini kabisa iliyo ngumu mno. Kateni sehemu ya kati, pingili za urefu wa sentimita 20 hadi 30, zenye macho 5 au zaidi. Kisu kiwe kikali, kisipasue gamba.

Tano. Pandeni upesi. Ikiwa mvua haijaanza, miti isikatwe pingili. Isimamishwe kivulini, vitako vyake vikiwa vimefukiwa katika udongo wenye unyevu. Isikae zaidi ya majuma mawili kama yawezekana.

Mtu huenda akauliza, "Nahitaji mashina mangapi?" Ukipanda kwa nafasi ya mita moja kila upande, ekari moja yataka pingili 4,000 hivi. Kwa kadiri ya pingili 8 kwa shina, wahitaji mashina mazima 500. Kwa robo ekari wahitaji 125 tu. Kazi ya kuyachagua mashina 125 ni ya asubuhi mbili au tatu, nayo yaliokoa shamba lako kwa mwaka mzima.

8. Kulitunza shamba

Kabla ya kupanda masika au vuli, ng'oeni maotea yote, yaani mihogo iliyojiotea kutoka katika mabaki ya zao lililopita. Maotea ni nyumba ya maradhi, na inzi huanzia hapo. Miti migonjwa isitupwe mpakani ikachipua. Ikaushwe juani na kuchomwa moto.

Shamba la mbegu liwe mbali na mihogo migonjwa kadiri iwezekanavyo. Mwezi mmoja baada ya kupanda, piteni mkang'oe kila mche wenye alama. Rudieni kila baada ya majuma mawili hata mwezi wa tatu. Katika mwezi wa kwanza mahali pa mche uliong'olewa paweza kupandwa pingili nyingine safi. Mche mmoja mgonjwa ukiondolewa mapema, inzi hawapati pa kuchota ugonjwa.

Maradhi haya hayana dawa. Mti ukishaingiwa hauponi, wala hapana dawa ya kunyunyiza iwezayo kuutoa ugonjwa mwilini mwake. Mbolea na palizi huupa mti nguvu, lakini haviuponyi. Mtu akiwauzia dawa ya kuponya batobato, msinunue.

Ikiwa shamba limekwisha kushikwa na michirizi, na mbegu nyingine hamna, msiuache muhogo ukae sana ardhini. Uvuneni ukomaapo tu, uleni, uuzeni ulio safi, na uliobaki mfanye makopa mkaweke akiba ndani ya nyumba. Kisha tafuteni mbegu safi kabla ya msimu kufika.

9. Jirani na jirani

Kupeana mbegu ni desturi njema ya Waunguja, wala hatutaki iachwe. Bali ifanywe kwa kutazama. Mbegu ya kupewa na mkwe au rafiki ni zawadi, na ni vigumu kuikataa ikishafika mlangoni. Basi mwende kabla haijakatwa. Si aibu kusema, "Ndugu yangu, nipasulie muhogo mmoja tuone pamoja." Naye mwenye shamba asione kuwa ametukanwa, huenda naye akaona lile ambalo hakulijua, likamfaa.

Tena inzi hajui mpaka wa shamba. Mtu mmoja akisafisha lake, na majirani wake watatu wakiacha maotea, kazi yake hupungua faida. Yafaa watu wa mtaa mmoja wapatane siku ya kung'oa maotea, na wapatane juu ya shamba moja la mbegu ambalo wote watalilinda na wote watalitegemea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

10. Mambo ya kukumbuka

1. Pingili ni mti uleule wa mwaka jana. Mti mgonjwa huzaa shamba gonjwa.
2. Batobato hutazamwa majani ya juu. Michirizi ya kahawia hutazamwa majani ya chini na ndani ya muhogo.
3. Mbegu huchaguliwa shambani ikiwa imesimama, wala si katika rundo.
4. Usikate mbegu kabla ya kupasua muhogo.
5. Aina inayovumilia nayo yataka kulindwa.
6. Ng'oa maotea, choma miti migonjwa, na ukague kila baada ya majuma mawili katika miezi mitatu ya mwanzo.
7. Dawa hakuna. Kinga ni jicho la mkulima na mapatano ya majirani.

Msimu ujao wa kupanda, kila mwenye shamba na aanze kwa mashina kumi tu yaliyofungwa kamba, akiwa hana nafasi ya zaidi. Mashina kumi mazima hutoa pingili 80, nazo 80 zikilindwa hutoa zaidi ya 600 mwaka wa pili. Hesabu ile ile iliyoeneza ugonjwa ndiyo itakayoeneza afya, ikiwa mkono uikatao mbegu umetanguliwa na macho.